Ukiwaona weusi, umeshachelewa

Mzee mmoja wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, alinipigia simu Januari, kabla jua halijatoka. "Bwana shamba, wameshuka na mvua!" Nilipofika, mtama wake wa wiki tatu ulikuwa umebaki vijiti. Katikati ya mistari viwavijeshi weusi wenye michirizi ubavuni walikuwa wakienda kundi zima kuelekea mpunga wa jirani. Mzee alikuwa na bomba begani, na ndani ya bomba salfa iliyobaki msimu wa korosho.

Nikamwomba alitue. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, yaani ukungu. Kiwavi anaioga tu na mlo unaendelea. Huku Kusini tumeizoea salfa mpaka tunaiona dawa ya kila kitu.

Kuhusu mvua, hata hivyo, mzee hakukosea sana. Viwavijeshi hawa wa asili (siwazungumzii wale vamizi, walioonekana nchini mwaka 2017) ni watoto wa nondo. Nikitamka nondo vijana hucheka, wakifikiria chuma cha zege, basi tuseme vipepeo wa usiku. Husafiri gizani wakibebwa na upepo, mbali sana, na upepo wa mvua za radi huwakusanya mahali pamoja. Hapo hushuka na kutaga. Ndiyo maana misimu kadhaa inaweza kupita huoni hata mmoja, kisha mvua zikianza baada ya ukame, kijiji kizima kinalia.

Shida ni kwamba tunawaona wakiwa wamekomaa. Kiwavi mchanga ni wa kijani, mdogo kuliko punje ya mchele, anakwangua jani upande mmoja na kuacha vidirisha vyeupe unavyoweza kuona mwanga kupitia kwake. Wakisongamana wanageuka weusi. Maisha yao ya ukiwavi ni kama wiki mbili hadi tatu, na sehemu kubwa ya chakula wanaila siku za mwishoni kabisa, kisha wanazama ardhini kuwa buu (pupa), wasile tena. Kumpulizia kiwavi wa sentimita tatu ni kumsindikiza kaburini kwa pesa yako.

Kwa hiyo mvua za kwanza zikinyesha, usianzie kwenye mahindi. Inama kwenye ukoka wa pembezoni, kila baada ya siku mbili, ugeuze majani. Ukikuta vidirisha na viwavi wadogo wengi, hapo dawa inalipa: ile iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa viwavi, jioni, mvua ikiwa haijatanda. Ukikuta wananing'inia kichwa chini, wamelegea na kuvuja maji, weka bomba ndani. Hao wana ugonjwa wa virusi, na utawamaliza bila wewe kutoa senti.

Mwingine huniuliza kama viwavi hawa watahamia kwenye mikorosho. Hapana. Hawa wanakula jamii ya nyasi tu: mahindi, mtama, uwele, mpunga, malisho. Mbaazi, kunde na muhogo hawavigusi. Na kama kiwavi amejificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, kinyesi chake kimejaa kama unga wa mbao, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba, huyo ni yule vamizi, na namna ya kumkabili ni nyingine.

Pale Nachingwea tulichimba mtaro wenye kingo wima mpakani na jirani kuwazuia wasivuke, tukapulizia ukanda ule mwembamba tu. Mzee alitaka kung'oa mtama wote apande upya. Nikang'oa kijiti kimoja, nikakipasua kwa kisu: chini, usawa wa udongo, moyo ulikuwa bado mweupe na mbichi. "Subiri wiki moja, mzee wangu. Mvua ipo."

Alisubiri, kwa manung'uniko. Nilipopita siku ya tisa majani mapya yalikuwa yamefika kimo cha kiganja, na kwenye mapengo alikuwa ameshapanda kunde bila kuniuliza.