Jeni na rangi ya ngozi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

"Selimundu ni ugonjwa wa watu weusi."

Jeni ya selimundu imefuata malaria, haikufuata rangi. Anayeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na malaria kali haimpati kirahisi. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeteseka: oksijeni ikipungua, himoglobini yake (protini ya damu inayobeba oksijeni) hushikamana, seli nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo ya damu. Mtafiti Anthony Allison alionyesha uhusiano huo na malaria mwaka 1954, baada ya utafiti Afrika Mashariki. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea Afrika Magharibi na ya Kati, na pia iko Ugiriki, Sicily, mashariki mwa Saudi Arabia na katika jamii kadhaa za India. Kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, ambao nao ni weusi, ni adimu. Mtoto mweupe mwenye upungufu wa damu na maumivu makali ya mifupa anastahili kipimo cha selimundu sawa na mwingine yeyote.

"Kila mbari ina jeni zake."

Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alilinganisha makundi ya damu na protini za watu wa sehemu nyingi za dunia. Takriban asilimia 85 ya tofauti zote alizikuta ndani ya jamii moja moja; kati ya mbari na mbari, yaani weusi, weupe na wengineo, zilikuwa kama asilimia 6 tu, na zilizosalia zilikuwa kati ya jamii za mbari moja. Tena Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi kuliko bara lolote, hivyo kuwaweka Waafrika wote kapu moja ndiko kupotoka kukubwa zaidi.

"Basi jamii hazitofautiani kabisa."

Hapana, zinatofautiana. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Wazungu wa kaskazini wengi hubaki nacho, na wafugaji wengi wa Afrika Mashariki vilevile, ila kwa mabadiliko tofauti ya jeni, kila upande na lake.

"Daktari akijua mbari yako, anajua mwili wako."

Hili ndilo limeumiza watu. Nchini Marekani, mlinganyo wa kukadiria kazi ya figo uliotumika sana tangu 2009 uliwaongezea wagonjwa weusi karibu asilimia 16, kwa kigezo cha mbari peke yake. Katika kipimo hicho, namba ikishuka figo ndivyo zinavyozidi kushindwa: aliyestahili kupata 18 aliandikiwa karibu 21, ilhali mtu huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo mpya akifika 20 au chini yake. Figo zilikuwa zinakufa huku karatasi ikisema bado kidogo. Mlinganyo wa 2021 ulikiondoa kigezo hicho, na tangu 2023 vituo vya upandikizaji nchini humo vinatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa foleni waliopunjwa.