"Yet" ya Kiingereza na "bado" yetu

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Mbeya husoma masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza anakutana nacho kama somo moja tu. Akiingia kidato cha kwanza, mambo yanageuka: baiolojia, jiografia, hesabu, vyote Kiingereza. Katika vineno vidogo vinavyomsumbua wakati huo, "yet" kimo mstari wa mbele. Ameambiwa kuwa "yet" ni "bado", akaandika kwenye daftari, akaishia hapo. Alichoandika si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayomkosesha alama.

Tuanze na "bado" yenyewe. Tukisema "mama bado yupo shambani", tunasema jambo linaendelea. Tukisema "mama bado hajarudi", tunasema jambo linasubiriwa. Neno ni moja, kazi ni mbili, na sisi hatupati shida kwa sababu kitenzi kinatuonyesha ni kazi ipi. Kiingereza kimezigawa kazi hizo. Linaloendelea linapewa "still": "Mother is still in the field." Linalosubiriwa linapewa "yet": "Mother hasn't come back yet." Anayejua kuwa "bado" ni "yet" na basi, ataandika "Mother is yet in the field", na msomaji wa leo atakunja uso.

Kwa hiyo usiitazame "bado". Tazama kitenzi kilicho karibu nayo. Ukiona -ja- ya kukanusha, kama hajarudi, sijala, hazijaanza, hapo ni mahali pa "yet". Ukiona -na-, au "yupo", au ile "-ngali" ambayo siku hizi tunaisikia kanisani zaidi kuliko sokoni, hapo ni "still". Kiswahili kina tofauti ileile ya Kiingereza, ila kimeiweka tumboni mwa kitenzi. Mwanafunzi akishaliona hilo, nusu ya makosa inaondoka bila kukariri kanuni yoyote.

Chukua mvua. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwingine hadi Mei. Mkulima wa Mbozi aliyekwisha kulima shamba lake mapema anatazama mbingu na kusema, "Mvua bado hazijaanza." Kwa Kiingereza: "The rains haven't started yet." Mwezi wa Aprili, mkulima wa viazi kule Uporoto, ambaye lori haliwezi kufika shambani kwake kwa matope, anasema, "Mvua bado inanyesha." Huyo ni "It is still raining." Wote wawili wametamka "bado".

Mahali pa "yet" katika sentensi kwa kawaida ni mwishoni: "I haven't finished yet." Kwenye barua na matangazo ya ofisi utaikuta imebanana na "not": "The results have not yet been released." Zote ni sahihi, ya pili imevaa tai. Kosa linaloonekana sana ni "I am not yet finish", ambalo limezaliwa na "bado sijamaliza" lililofuatwa neno kwa neno. Sema "I have not finished yet". Wamarekani wengi katika mazungumzo husema pia "I didn't finish yet", na mtu akikuambia hivyo umemwelewa, ila shuleni kwetu tunafuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani baki na "have".

"Still" nayo inaweza kuingia kwenye kukanusha, lakini inabadilisha sauti. "The bus hasn't come yet" ni taarifa tu: basi halijafika. "The bus still hasn't come" ni ya mtu aliyeanza kuchoka: mpaka saa hizi basi halijafika! Na angalia, "still" imekaa kabla ya "hasn't", haikai baada yake.

Kwenye maswali, ile -ja- yetu inapotea na -mesha- inachukua nafasi. "Umeshakula?" ni "Have you eaten yet?" Hapo ndipo anayetafuta "bado" anapopotea kabisa, maana kwenye swali la Kiswahili "bado" haimo. Ukiuliza "Have you eaten already?" umeonyesha mshangao, kama tunavyosema "Kumbe umeshakula?"

Jibu lina mtego wake. Pale Uyole, njia ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu, mgeni anaweza kumuuliza kondakta: "Hasn't the bus left yet?" Kondakta wetu, kwa adabu kabisa, atajibu "Yes", kwa sababu kichwani mwake anasema "Ndiyo, bado halijaondoka." Sisi tunakubaliana na muulizaji. Mwingereza anakubaliana na tukio: kama halijaondoka, jibu ni "No, it hasn't." Mgeni aliyesikia "Yes" atadhani basi limekwenda. Na ukitaka kujibu kwa neno letu moja, "Bado", Kiingereza chake ni "Not yet", maneno mawili. "Yet" peke yake si jibu.

Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watanipinga kuhusu "Mother is yet in the field", na wana hoja. Kwenye Luka 15:20, mwana mpotevu anaonekana na baba yake "when he was yet a great way off", na Biblia yetu inasema "alipokuwa angali mbali". Zamani "yet" ilifanya pia kazi ya "still". Leo matumizi hayo yamebaki kwenye maandiko, mashairi na misemo michache.

Kuna "yet" ya kuunganisha sentensi, yenye maana ya "lakini" au "hata hivyo": "The road is short, yet it takes two hours." Hiyo haina shida.

Yenye shida ni hii: "have yet to". Katibu wa chama cha ushirika cha kahawa anapokea ujumbe wa mnunuzi: "We have yet to receive your samples." Hamna "not" popote. Ameona "have", ameona "receive", anawaambia wanachama kuwa sampuli zimefika. Hazijafika. "Have yet to receive" ni kukanusha kulikofichwa, sawa na "have not received yet", na ndivyo ilivyo pia kwa "is yet to arrive" na "remains yet to be seen". Katibu akiuona muundo huo, asijibu kwa asante. Aulize aliyepewa mzigo umefikia wapi, na kama umepotea, aandae sampuli nyingine.