Samaki wako wa Jumamosi bado yuko majini

Jumamosi iliyopita, saa saba na nusu mchana, kaka mmoja alisimama mlangoni mwa mgahawa wangu wa samaki hapa Arusha akiwa na ndugu zake kumi na watatu. Walikuja kumsherehekea mama yao. Nikamwambia nafasi ya watu wote hao itapatikana baada ya kama saa nzima, wakae chini ya mparachichi, vinywaji vitawafuata. Akaniuliza kwa nini Jumatano nilikataa kumwekea meza kwa simu. Kabla sijajibu akaendelea: "Mama, nunua friza kubwa, ujaze samaki, upokee oda za meza kama wenzako. Kwani shida iko wapi? Samaki wenyewe huku Arusha wote ni wa barafu, wale freshi mmewaacha Tanga."

Maneno hayo nimeshaambiwa na wageni wa harusi, na watu wa maofisini, na madereva wa watalii, na mwezi uliopita na fundi aliyekuja kuziba paa. Leo nayajibu kwa kirefu, maana Jumamosi mlangoni hakuna nafasi ya maelezo, mkaa unaungua.

Anayenipigia simu Jumatano anadhani ananiomba kiti. Viti ninavyo. Anachoniomba hasa ni ahadi ya samaki, na samaki atakayemla Jumamosi, siku hiyo ya Jumatano bado anaogelea. Mvuvi hajatia nanga, mchuuzi hajafika mnadani, na mimi sijui kama atakuwa chewa, kolekole au hakuna kitu.

Naelewa mazoea haya yanatoka wapi. Arusha ni mji wa nyama. Ukienda Kwa Mrombo kula choma, mbuzi alinunuliwa mnadani, akafungwa kamba nyuma ya jiko, akala majani yake hadi ulipofika. Mwenye jiko anaweza kukuahidi paja na mbavu wiki nzima kabla, na ahadi yake ikawa ya kweli. Chewa hafungiki kamba.

Njia yenyewe iko hivi. Samaki wa mchana wa Jumamosi huvuliwa usiku wa kuamkia Ijumaa au Ijumaa asubuhi, kwa mshipi, wavu wa jarife au mtego wa dema. Mchuuzi wangu anawapata Sahare au Kigombe, huko pwani ya Tanga, anawapanga kwenye deli, lile sanduku la kutunza baridi, pamoja na barafu, na jioni gari linaondoka: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Himo, Moshi, hadi huku. Ni zaidi ya kilomita 400. Mimi nafungua deli saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndipo ninapojua mchana tunapika nini. Naandika ubaoni kwa chaki. Kilichoandikwa kipo, kilichofutwa kimekwisha, na wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuchagua.

Wavuvi wanahesabu mwezi, hawahesabu wiki. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita tatu. Kwetu Tanga kupwa kwa bamvua huangukia karibu na saa nne asubuhi. Mwamba unabaki wazi, kina mama na vijana wanaingia na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye mashimo. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Mwamba haufunuki na pweza analala nyumbani kwake. Wapo wazamiaji wenye miwani wanaomfuata huko huko chini, kwa hiyo hapotei kabisa, ila anapatikana kidogo na bei inapaa. Kaka yule alitaka pweza wa nazi kwa watu kumi na wanne, na usiku uliotangulia mwezi juu ya mlima Meru ulikuwa nusu kamili, kila mtu mjini aliuona.

Dagaa ni kinyume chake kidogo: huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri giza likiwa totoro. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu. Bamvua ya mwezi mpevu inanipa pweza na kuninyima dagaa.

Halafu upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, bahari imetulia, deli huja limejaa. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, ngalawa haziwezi kutoka nje ya miamba. Na hiyo ndiyo miezi ya baridi Arusha, watu wamevaa masweta, kila mmoja anataka supu ya samaki ya moto yenye ndimu na pilipili. Simu za kuomba meza huongezeka wakati ule ule deli linapofika nusu.

Sasa hili la barafu. Hapa nitakaa.

Barafu na friza ni vitu viwili. Friza inagandisha: nyuzi 18 chini ya sifuri, samaki anakuwa jiwe. Barafu iliyosagwa, ikiwa inayeyuka, inamshikilia samaki kwenye sifuri, na kwenye sifuri nyama ya samaki haigandi. Anabaki mbichi. Samaki wangu wengi hawajawahi kuingia kwenye friza tangu watoke majini, na bado wateja wanawabonyeza, wanaona baridi, wanasema "huyu wa barafu" kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi.

Kinachomharibu samaki ni vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe, pamoja na bakteria wanaoishi kwenye ngozi, mashavu na utumbo wake. Vyote hivyo vinapenda joto. Chukua kasi ya kuoza kwenye sifuri uiite moja. Kwenye nyuzi 5 inakuwa zaidi ya mbili. Kwenye nyuzi 10 inakuwa nne. Huko hata friji ya nyumbani inayofunguliwa kila dakika inaweza kufika, na hatujazungumzia buti la basi linalopita Hedaru na Same jua la mchana. Samaki aliyesafiri siku moja bila barafu amezeeka kuliko aliyelala wiki nzima ndani ya barafu. Kwa hiyo mtu akinionyesha kwa fahari samaki aliyenunua stendi, amefungwa kwenye kiroba chenye maji, eti "huyu hajaguswa na barafu kabisa," mimi naona hatari.

Kwa njia ndefu kama yetu nataka kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na msimu wa joto izidi. Wachuuzi hubana barafu kwa sababu inachukua nafasi ya samaki kwenye deli na haimwingizii mtu hela. Mimi nailipia peke yake, nje ya bei ya samaki, ili asipate sababu ya kuipunguza. Samaki waliotolewa utumbo wanalazwa tumbo chini, na deli liwe na tundu la kutolea maji, maana samaki anayeogelea kwenye maji ya damu ya wenzake hasaidiki na baridi.

Kwa jodari, nguru na vibua mambo ni makali zaidi. Wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza sumu iitwayo histamini ndani ya nyama. Inaweza kuwepo bila harufu yoyote mbaya, na moto hauiondoi: choma, kaanga, chemsha, imo. Muda mfupi baada ya kula uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ngozi inatoka mabaka. Wapo wanaoondoka hapo wakijiita watu wenye aleji ya samaki, kumbe walikula samaki aliyekosa barafu njiani. Mchuuzi akinambia jodari wake "alichelewa kidogo kuwekwa barafu," simnunui hata kwa nusu bei, na ubaoni jodari haandikwi siku hiyo.

Mtaniuliza kuhusu macho. Kila mtu anajua: macho meupe, samaki mbovu. Ni kanuni ninayoiamini nusu. Barafu ikigusana na jicho kwa muda hulitia ukungu hata kama nyama ni nzuri kabisa, na chewa aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hufika juu macho yakiwa yametoka nje, anatisha, ilhali ni samaki wa saa hiyo. Nimewahi kuwakataa wazuri kwa sababu ya macho, na nimewahi kuwapokea wabaya wenye macho maangavu. Siku hizi naanza na mashavu, kisha pua yangu, kisha kidole tumboni, na macho mwisho. Kuhusu siku, vitabu vinasema samaki wa bahari zetu anaweza kukaa kwenye barafu hata wiki mbili. Pengine kwa usalama ni sawa. Ulimi wangu unaniambia kuanzia siku ya tano utamu wa changu umeondoka, anabaki salama na mtupu, kwa hiyo jikoni kwangu hafiki huko.

Na friza nayo, kabla hamjasema naichukia: pweza wangu namgandisha makusudi. Baridi kali inavunja nyuzi za nyama yake, analainika vizuri kuliko wa kupondwa mwambani. Hilo nilikataa kulikubali kwa miaka mingi kwa sababu nimezaliwa Kigombe na kwetu pweza anapigwa. Kingine nilichojifunza huku ni urefu wa mji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Pweza aliyekuwa akiniivia dakika 45 nyumbani, huku anadai saa nzima na zaidi. Kwa changu ni tofauti. Yeye friza ya kawaida inamgandisha polepole, barafu inatanuka ndani ya nyama na kuipasua, na akiyeyuka anamwaga maji yake yote kwenye sahani. Hiyo ndiyo friza kubwa ninayoshauriwa kuijaza.

Niwaambie nilivyoacha kupokea oda za meza. Mwanzoni nilipokea. Mwaka wangu wa pili, Jumapili moja ya Julai, nilikuwa na watu arobaini kwenye daftari, wengi wameomba chewa wa kupaka. Kusi lilikuwa limekaa siku nne. Alfajiri nikafungua deli: vibua na changu watatu. Niliona aibu kupiga simu arobaini. Nikaenda sokoni mjini nikanunua minofu ya sangara wa Ziwa Victoria, nikaizamisha kwenye nazi nzito, ukwaju na pilipili, nikaipeleka mezani kwa jina la chewa. Watu walikula na kunisifu. Mzee mmoja wa Pangani alikula polepole, akamaliza, akalipa. Akaninong'oneza wakati wa kuaga: "Mwanangu, chewa huyu ametoka ziwa gani?"

Sikuwa na jibu. Sangara ni samaki mzuri, na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu ni mzuri zaidi, sina ugomvi na maji baridi. Nilichofanya ni uongo, na uongo ule ulizaliwa kwenye daftari la oda. Ukishaahidi samaki ambaye hajavuliwa, siku bahari itakaponyima utatafuta wa kumfananisha naye. Kesho yake nililifunga daftari.

Kusubiri kwenyewe najua kunachosha. Changu mzima wa kilo moja anataka karibu nusu saa kwenye mkaa wa wastani, na siwezi kumharakisha, akichomwa kwa moto mkali anaungua nje na uti wa mgongo unabaki na damu. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga nawaingiza mbele, na wapo wanaonung'unika kwenye foleni, nami sijawahi kuwa na hakika kwamba nimeipanga haki sawasawa. Linaloniuma zaidi ni familia inayotoka Moshi, kilomita 80, ikakuta ubao umefutwa. Kwa ajili yao naweka picha ya ubao kwenye status ya WhatsApp saa tatu asubuhi. Hiyo ndiyo ahadi ninayoweza kuitimiza: kilichopo, wakati huo.

Familia ya Jumamosi ilisubiri dakika hamsini. Mama yao alikalishwa kwanza, na supu. Walipata kolekole wa kilo nne, tuliyemgawa vipande viwili vya kuchoma, na tasi wa kukaanga kwa watoto. Wakati wa kulipa kaka aliniuliza tena kuhusu pweza, safari hii kwa upole, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa anamtaka. Nikamtoa nje na kumweleza habari ya mwezi: jana ulikuwa nusu na unakua, kwa hiyo ahesabu siku saba. Kuanzia hapo awe anatazama ubao kila siku saa tatu asubuhi, na asubuhi atakayoona pweza ameandikwa, ampakie mama kwenye gari waje.