Vyombo vya Zamani vya Kioo na Kauri: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Kristali ni sumu, ibaki kabatini."
Hatari iko kwenye muda. Kwa kanuni za Ulaya za 1969, kioo kinachouzwa kwa jina la kristali ya risasi lazima kiwe na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi, na tindikali ya kinywaji huichomoa risasi hiyo kidogo kidogo. Mvinyo unaomiminwa na kunywewa mlo uleule hupata kiasi kidogo. Uliolazwa kwa wiki au miezi kwenye chupa ya kristali hupata kingi. Kwa hiyo mabaki yarudishwe kwenye chupa ya kawaida, na siki au juisi zisihifadhiwe humo kamwe. Wajawazito na watoto wapewe glasi nyingine.

"Ikigongwa ikalia kwa mlio mrefu, hiyo ni kristali."
Mlio hutegemea pia umbo na unene. Glasi nyembamba isiyo na risasi hulia vizuri tu, na bilauri nene ya kristali inaweza kukaa kimya. Kipimo hiki kina faida nyingine: shika mguu wa glasi, gonga ukingo taratibu kwa ukucha. Mlio ukikatika ghafla au ukakwaruza, tafuta ufa.

"Ukungu wowote huondoka kwa siki."
Hapa wanunuzi wengi hupoteza fedha. Kuna ukungu wa chokaa ya maji, ambao ni tabaka lililoganda juu ya kioo, na kuna ukungu wa kioo chenyewe kilicholiwa na sabuni kali na joto la mashine ya kuoshea vyombo. Kwa macho vinafanana. Changanya siki nyeupe na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, jaza chombo, acha dakika 30, suuza, kisha kausha kabisa kabla ya kuamua, kwa sababu kioo kikilowa ukungu hufichika. Ukiwa umepungua, rudia na uache usiku kucha. Usipobadilika hata baada ya mara mbili, uso wa kioo umeharibika na dawa ya nyumbani haipo. Siki isiguse ukingo wa dhahabu wala michoro ya rangi.

Wauzaji wajanja hupaka mafuta ndani ya chupa ili ing'ae. Ukihisi utelezi, omba ioshwe kwa maji ya sabuni na ikaushwe mbele yako.

"Kinachong'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno (UV) kina urani, na urani itakudhuru."
Kioo chenye madini ya manganizi nacho hung'aa kijani, ila kwa unyonge. Kioo chenye urani huwaka vikali, na kwa kawaida urani yake ni karibu asilimia 2 au chini ya hapo. Kukiweka rafuni si jambo la kukunyima usingizi. Kula na kunywea ni suala jingine, hasa vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi yenye urani, mfano Fiesta nyekundu ya Marekani ya 1936 hadi 1943. Hivyo viwe vya kutazama.

"Pyrex ya zamani haipasuki."
Pyrex, vyombo vya kioo vya kupikia, ya kwanza ya 1915 ilikuwa borosilikati, kioo kinachostahimili joto, tena kinachoonyesha. Mabakuli meupe ya Marekani yenye rangi kwa nje, yaliyokuja miaka ya 1940, yalikuwa kioo cha kawaida kilichoimarishwa kwa joto. Aina zote mbili hudhoofishwa na mikwaruzo na vipande vilivyomeguka. Usikitoe chombo kwenye friji ukakiingiza kwenye oveni, wala kukimwagia maji baridi kikiwa moto. Rangi ya nje inaweza kuwa na risasi au kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, na mashine ya kuoshea huichujua ikabaki kama chaki. Osha kwa mkono.

"Muhuri wa chini hutaja umri."
Huweka mpaka tu. Kuanzia 1891 sheria ya ushuru ya Marekani ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo sahani yenye neno "England" kwa kawaida si ya kabla ya hapo. Namba inayoanza na "Rd", iliyotumika Uingereza tangu 1884, huonyesha mwaka ambao umbo au nakshi ilisajiliwa. Sahani yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye.