Fahirisi h ya mtafiti: inahesabiwaje, na inapima nini hasa

Ukifungua ukurasa wa mwanabiolojia wa molekuli wa Makerere kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, utaona pembeni nambari tatu: jumla ya mara alizorejelewa na wenzake, fahirisi h, na i10. Hiyo ya kati ndiyo hutazamwa sana mtu anapoomba fedha za utafiti au kupandishwa cheo.

Fahirisi h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala zote za mtafiti kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi, kisha shuka ukihesabu: fahirisi ni nafasi ya mwisho ambayo makala yake ina marejeleo yasiyopungua nambari ya nafasi hiyo. Tuseme ana makala saba, zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 1. Ya tano ina marejeleo 5, inatosha. Ya sita ina 3, haitoshi. Fahirisi yake ni 5. Hata ile ya kwanza ikiruka kutoka 40 hadi 4,000, atabaki na 5, na hilo lilikusudiwa: makala moja yenye bahati isimbebe mtu, wala rundo la makala zisizosomwa lisimbebe. Ile i10 ni idadi tu ya makala zilizorejelewa angalau mara 10. Huyu anazo 2.

Kinachopimwa hapo ni kama watafiti wengine wameitaja kazi yako, na kwa wingi gani. Ubora ni jambo jingine, na ushahidi tunao hapa hapa Uganda. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, kwenye damu ya kima aliyewekwa ndani ya kizimba juu ya mti. Makala ya ugunduzi ilitoka mwaka 1952. Kwa miongo mingi ilirejelewa na wachache sana, hadi mlipuko wa Brazil wa 2015 ulipowafanya wanasayansi wa dunia nzima waitafute. Hakuna neno lililobadilika ndani yake. Kilichobadilika ni haja ya watu. Kwa upande mwingine, makala ya Oliver Lowry ya mwaka 1951 kuhusu kupima kiasi cha protini imerejelewa zaidi ya mara 300,000, kwa sababu ni njia ya kazi ambayo maabara nyingi ziliitumia kila siku.

Biolojia ya molekuli ina mambo yake pia. Katika fani hii makala hutaja makala nyingine nyingi, hivyo fahirisi zake huwa juu kuliko za hisabati, na kumlinganisha mwanabiolojia na mwanahisabati ni kuwaonea wote wawili. Tena kuna suala la mpangilio wa majina ya waandishi kwenye makala. Kwa desturi, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa ya maabara, wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Fahirisi h haiulizi hilo. Aliyesoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya kiumbe, usiku kucha na aliyechangia sampuli chache, mtu wa 60 kwenye orodha, wote wanapata hesabu ile ile.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtafiti wa Namulonge, kituo cha utafiti wa mazao nchini Uganda, anayeshughulikia virusi vya michirizi kahawia kwenye muhogo ana wenzake wachache duniani, maana muhogo haulimwi Ulaya. Wasipokuwepo wa kumtaja, fahirisi yake itakuwa ndogo hata kazi yake ikiwa imara. Mkulima anayepanda mbegu inayostahimili ugonjwa huo haandiki makala, kwa hiyo shamba lake haliingii kwenye hesabu yoyote.

Wanasayansi wenyewe walishalalamika. Azimio la San Francisco, lililoanzia kwenye mkutano wa wanabiolojia wa seli wa Marekani mwaka 2012, lilitaka mtafiti apimwe kwa kilichomo ndani ya kazi yake, si kwa umaarufu wa jarida lililoichapisha.

Ukilazimika kuitaja fahirisi h, andika imetoka wapi na lini. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, hivyo mtu yule yule huwa na nambari kubwa zaidi pale kuliko kwenye Scopus, hifadhidata nyingine ya makala za kitaaluma. Kisha soma makala zake mbili au tatu.