Flaiwili nyepesi kwa 13B ya ndege: punguza katikati, acha ukingoni

Fundi yeyote wa Tanga aliyewahi kuzungusha hendeli ya mashine ya kusaga ya Lister anajua flaiwili nzito, lile gurudumu la chuma linalohifadhi nguvu ya mzunguko, ni ya nini. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne hupiga moto mara moja kila shafti inapozunguka mara mbili, na muda uliobaki flaiwili ndiyo inayosukuma. Mazda 13B, injini ya gari isiyo na pistoni bali rota mbili zinazozunguka, hupiga mara mbili katika kila mzunguko wa shafti, yaani mara nne ya ile Lister. Ikifungwa kwenye ndege, mbele yake kuna pangaboi, nalo linafanya kazi ya flaiwili. Ndiyo maana kwenye ndege ya kujijengea tunaweza kuondoa kilo kadhaa puani.

Ila si kilo zote zinaondoka. Flaiwili ya 13B ya gari la gia za mkono imebeba kauntaweti, yaani uzito wa kusawazisha, ndani yake: upande mmoja umeachwa mnene kwa makusudi, ili kutuliza rota mbili zinazoivuta shafti huku na huku. Ukimpelekea mkerezaji ailinganishe pande zote, umeua injini. Mimi hutumia kauntaweti ya injini ya gari la otomatiki, ambayo ni kipande cha peke yake, kisha juu yake nafunga bamba la alumini au lile bamba jembamba la chuma la otomatiki. Kauntaweti ifuate rota zako. Rota za gari la Mazda RX-7 za 1986 hadi 1988 ni nzito kuliko za 1989 hadi 1991, na kauntaweti zake haziingiliani. Na unapolinganisha bei, uliza uzito wa kauntaweti na bamba pamoja, maana wauzaji wengi hutaja bamba tu.

Hapa ndipo ndege inapotofautiana na gari la mashindano. Dereva wa mashindano anataka ukingo mwepesi ili injini ipande haraka. Sisi tuna giaboksi ya kupunguza mzunguko. Ikiwa uwiano wake ni 2.85, injini inahisi ukinzani wa pangaboi dhidi ya kubadili mwendo kama sehemu moja ya nane tu. Ukiifanya flaiwili kuwa nyepesi mno, mtikisiko wa kujipinda kati ya injini na pangaboi unapanda hadi kwenye mizunguko unayoitumia. Utasikia meno ya gia yakigongana injini ikiwa chini, kisha mpira wa kiunganishi unachanika na bolti zinalegea. Kilo moja iliyokaa milimita 130 kutoka katikati inatuliza karibu mara saba ya kilo hiyohiyo ikiwa milimita 50. Kwa hiyo chagua bamba lililopunguzwa katikati, lenye ringi ya meno ya starta ya chuma ukingoni. Kama ndege haina klachi, sahani ya chuma ya kusuguana na klachi haina kazi, iondoke.

Usitoboe matundu mwenyewe. Bamba la kipenyo cha milimita 280 kwa mizunguko 6,500 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 95 kwa sekunde, na ufa huanzia kwenye tundu lenye makali. Bamba la chuma cha kumimina likipasuka kwa kasi hiyo, vipande vinaelekea kwa rubani.

Kufunga: mkia wa shafti ni wa mchongoko. Paka bluu ya mafundi ya kuonyesha panapogusana, visha kauntaweti, itoe, utazame. Bluu ikigusa upande mmoja tu, sugua kwa dawa ya kusagia valvu hadi iguse pande zote, kisha safisha pakauke kabisa. Weka ufunguo (kile kipande cha chuma kinachozuia kauntaweti isizunguke juu ya shafti), na silikoni kidogo kwenye mfereji wake, la sivyo oili itapenya hapo. Nati ni ya milimita 54. Kaza kati ya Nm (nyutoni-mita) 392 na 490. Kwa bomba la mita moja na nusu, Nm 450 ni kama uzito wa kilo 30 ukining'inia mwishoni, lakini tumia spana ya kupimia. Mwisho weka saa ya kupimia yenye sindano (dial gauge) kwenye uso wa bamba na zungusha shafti taratibu. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.2, fungua uanze upya.

Kwa sisi wa pwani kuna chumvi. Alumini inayogusana na chuma kwenye hewa ya bahari huoza kwenye mashimo ya bolti, unga mweupe ukitoka chini ya washa. Alumini pia hupanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo ringi ya meno inayobana vizuri juu ya bamba wakati injini ni moto hulegea inapopoa. Sitaki ringi iliyobanwa kwa joto tu. Lazima ifungwe pia kwa bolti. Ipige kidogo kwa nyundo ya plastiki injini ikiwa baridi asubuhi: ikilia kama kengele iko imara, ikitoa sauti butu, fungua uangalie.