Mkuki kwa Nguruwe: Jinsi Ushabiki wa Vyama Unavyoua Imani kwa Wabunge

Kazi yangu ni kutafiti na kufundisha siasa za mabunge. Watu wakiniuliza kwa nini wananchi hawawaamini tena waliowachagua kwa kura zao wenyewe, wengi huwa wameshajijibu: ufisadi na ahadi hewa. Sikatai. Ila ninaona sababu nyingine inayopewa uzito mdogo kuliko inavyostahili: mwananchi ameona kwamba kiongozi, kabla ya kupima jambo, hutazama kwanza limeletwa na nani.

Tazama Marekani, ambako yote haya yalifanyika hadharani. Februari 2016 alifariki Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu. Rais Barack Obama akamteua Merrick Garland. Warepublican, waliokuwa wengi katika Seneti, baraza la Bunge linaloidhinisha majaji, walikataa hata kumsikiliza, wakisema kwamba mwaka wa uchaguzi wananchi waachwe wapige kura kwanza. Septemba 2020 akafariki Ruth Bader Ginsburg, jaji mwingine wa mahakama hiyo, Rais sasa akiwa Donald Trump wa chama chao. Amy Coney Barrett akaidhinishwa kuchukua nafasi yake Oktoba 26, siku nane tu kabla ya uchaguzi. Walijitetea kwamba safari hii Rais na Seneti ni wa chama kimoja, lakini mwananchi wa kawaida alikuwa ameshasikia kauli ya 2016, na aliikumbuka.

Wademocrat nao wana yao. Walipokuwa wachache, mwaka 2005, walitetea kwa nguvu haki ya wachache kuzuia uteuzi wa majaji. Mwaka 2013, wakiwa wengi, waliibana haki hiyo wao wenyewe kwa karibu nafasi zote isipokuwa Mahakama ya Juu. Warepublican walilalamika sana, kisha 2017 wakamalizia kwa kuiondoa hata huko. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kinachoniumiza zaidi ni kinachotokea upande wa wapiga kura. Chama changu kikishinda, naiamini serikali. Kikishindwa, serikali ileile, yenye watumishi walewale na ofisi zilezile, naiona ya wezi. Kura za maoni za Marekani zimeonyesha mara kadhaa jinsi wafuasi wa vyama wanavyobadili tathmini yao ya uchumi mara tu Rais anapobadilika, kabla uchumi wenyewe haujabadilika. Imani ya namna hii mimi siiiti imani. Ni ushabiki, na kiongozi anayeishi kwa ushabiki hana haja ya kujieleza kwa yeyote: wafuasi wake watamsamehe, na wa upande wa pili hawatamsikiliza hata akisema kweli.

Mwaka 1958 karibu robo tatu ya Wamarekani walisema wanaiamini serikali yao kuu kutenda haki wakati wote au mara nyingi. Miaka ya karibuni ni takriban mmoja kati ya watano. Ni kweli anguko la kwanza lililetwa na vita vya Vietnam na kashfa ya Watergate iliyomng'oa Rais Nixon, si uhasama wa vyama. Lakini naamini uhasama huo ni miongoni mwa mambo makubwa yanayozuia imani kurudi.

Kuna pia suala la kiti ni cha nani. Katiba za Tanzania na Kenya zinasema mbunge aliyepita kwa tiketi ya chama akikihama, anapoteza ubunge. India, tangu 1985, mbunge anaweza kupoteza kiti hata kwa kupiga kura kinyume na agizo la chama. Sheria hizi hazikutungwa kwa nia mbaya. India ilikuwa imechoshwa na wawakilishi walionunuliwa na kuhamahama, na bila nidhamu ya chama hata bajeti ingekwama. Lakini gharama yake ni kubwa: mpiga kura akimpelekea mbunge wake shida ya jimbo inayogongana na msimamo wa chama, jibu analijua kabla hajauliza.

Nafuu ipo, na haihitaji kuvunja vyama. Uingereza, mambo mazito ya dhamiri huachiwa kura huru, yaani kila mbunge hupiga kura bila agizo la chama. Ndivyo wabunge walivyoamua kufuta adhabu ya kunyongwa kwa kosa la mauaji mwaka 1965, na ndivyo walivyojadili kusaidiwa kufa kwa hiari kwa wagonjwa wasio na matumaini ya kupona Novemba 2024, wa chama kimoja wakisimama pande mbili na kila mmoja akitoa sababu zake. Tangu 2010, wenyeviti wengi wa kamati za Bunge hilo huchaguliwa kwa kura ya siri ya wabunge wote badala ya kuteuliwa na viongozi wa vyama. Anayetaka uenyekiti hulazimika kuomba kura hadi kwa wapinzani wake, na akishaupata, anaweza kumbana waziri wa chama chake kwa maswali bila kuogopa kwamba viongozi wa chama watamng'oa kesho yake.